Uliicheza kwa Sarafu Ngapi? Gemu za Kufyatua Zilizokwezwa na Zilizodharauliwa

Sema tu kwamba Ikaruga imesifiwa kupita kiasi, na wapenzi wa gemu za kufyatua, zile za ndege moja dhidi ya jeshi zima, watagawanyika papo hapo. Mmoja ataapa kuwa haijatengenezwa bora kuliko hiyo. Mwingine atasema ni fumbo la rangi lililovikwa mabawa. Wote wawili wameicheza hadi mwisho. Kabla ya kuamua nani ana haki, waulize swali moja: uliicheza kwa sarafu ngapi?

Gemu hizi zilizaliwa ndani ya mashine za kuingiza sarafu. Sarafu moja, roho tatu hivi. Zikiisha, ingiza nyingine au wapishe wenzako. Nyingi zinakwisha ndani ya dakika 20 hadi 40, kwa sababu waundaji walijua kuwa mchezaji atazirudia dakika hizo hizo mara mia. Zilipohamia nyumbani, sarafu ikawa kitufe. Sasa yupo anayekibonyeza mara ishirini, anaona mwisho baada ya nusu saa, kisha anatangaza kuwa gemu ni fupi na haina kitu. Yupo anayejinyima, anayetaka kumaliza kwa sarafu moja. Na yupo ambaye kumaliza hakumsumbui tena, anawinda pointi. Hawa watatu wana gemu tatu tofauti mikononi, ingawa diski ni moja. Hukumu zao haziwezi kufanana.

Jambo la pili linalovuruga mjadala ni mahali unapofufukia. DoDonPachi, Battle Garegga na Ikaruga zinakurudisha palepale ulipofia. Ukiwa na sarafu zisizokwisha, hakuna ukuta utakaokuzuia. Unakufa, unarudi, unasonga mbele. R-Type na Gradius zinakurudisha nyuma hadi kituo ulichokipita, silaha zote zimevuliwa. Hapo sarafu mia hazikusaidii, maana utasimama mahali palepale ukiwa mtupu mpaka ujifunze kupita. Ndiyo sababu R-Type ina sifa ya ukatili hata kwa watu waliocheza kidogo tu, ilhali DoDonPachi inaitwa fataki za kutazama. Sifa ya ugumu mitaani hufuata kanuni hii ya kufufuka kuliko inavyofuata wingi wa risasi.

Ikaruga: sifa sahihi, sababu isiyo sahihi

Kampuni ya Treasure iliitoa Ikaruga kwenye mashine za sarafu mwaka 2001, ikafika Dreamcast, mashine ya nyumbani ya Sega, mwaka 2002. Ndege yako ina rangi mbili, nyeupe na nyeusi, na kitufe kimoja cha kuzibadilisha. Risasi za rangi yako unazinyonya. Za rangi nyingine zinakuua. Ukimpiga adui wa rangi tofauti na yako, madhara ni mara mbili. Kila risasi unayonyonya inajaza akiba, na akiba ikijaa unaachia miale 12 inayowafuata maadui yenyewe. Hakuna bomu, hakuna vidonge vya nguvu. Hatua ni tano.

Wanaoitukuza husema ni gemu ngumu isiyo na huruma. Mimi naona kinyume. Kwa kuwa hakuna silaha za kupoteza, kufa hakukuvui chochote cha kufyatulia: sekunde moja baadaye unafyatua kama mwanzo. Zaidi ya hapo, mabosi, wale maadui wakubwa wa mwisho wa hatua, wanaondoka wenyewe muda wao ukiisha, na gemu ina cheo maalum kwa mtu anayemaliza hatua bila kufyatua hata risasi moja. Gemu inayoweza kukamilishwa bila kufyatua si gemu ya mabavu. Ni gemu ya kukariri njia.

Ukali wake uko kwenye pointi. Ua maadui watatu wa rangi moja mfululizo, unapata pete moja ya mnyororo na pointi 100. Watatu wengine wa rangi moja, yoyote ile mradi wote watatu wafanane, unapata 200, kisha 400, na kuendelea hivyo mara mbili mbili mpaka 25,600 kwenye pete ya tisa. Baada ya hapo kila watatu wanaleta 25,600, hadi utakapokosea. Adui mmoja wa rangi isiyotakiwa, mnyororo mzima unarudi sifuri. Hesabu inajieleza: kosa moja katikati ya hatua ya pili lina gharama kubwa kuliko roho nzima. Anayeicheza kwa kuhesabu tatu tatu anaona kazi ya ufundi mkubwa sana. Anayeicheza kwa kufyatua chochote kinachopita haoni kitu zaidi ya picha nzuri, na hajadanganya.

Jambo moja linawachanganya wengi. Katika kiwango cha kawaida cha ugumu, adui unayemuua kwa rangi yake mwenyewe anamwaga risasi anapolipuka. Kwenye kiwango rahisi hamwagi. Kwa hiyo mtu anayefundishwa kiwango rahisi kwanza anajenga tabia ya kuua kwa rangi ileile ili awe salama, halafu akipanda kiwango analipukiwa usoni. Anza na kiwango cha kawaida tangu siku ya kwanza, na zitumie zile risasi za kifo cha adui kama chakula cha akiba yako, maana ni za rangi yako.

Ndugu yake mkubwa, Radiant Silvergun ya 1998, ndiyo naiweka kwenye kundi la zilizokwezwa bila kusita. Silaha zake saba ni wazo zuri, lakini nguvu zake hupanda kwa pointi unazopata nazo. Usipofunga minyororo ya rangi, unafika kwa mabosi wa mwisho na silaha dhaifu, na kila bosi anageuka kuwa gunia la kupigwa dakika nyingi. Yaani anayetaka kusalimika tu analazimishwa kuwa mwinda pointi. Diski ya Saturn, mashine nyingine ya nyumbani ya Sega, ilitoka Japani peke yake, na hadi toleo la Xbox 360 la 2011 kuipata kihalali kulikuwa shida kwa walio nje. Uhaba huo ulimfanya kila aliyeisikia aamini kuwa amekosa hazina.

Waliovuliwa silaha

Gradius, ya Konami, 1985. Unaokota vidonge, kila kimoja kinasogeza taa kwenye mstari chini ya skrini: kasi, kombora, risasi pacha, leza, kivuli kinachofyatua pamoja nawe, kisha ngao. Ukibonyeza kitufe, unalipia kilichowaka na taa inarudi mwanzo. Kivuli kimoja basi ni vidonge vitano. Ndege iliyokamilika ni furaha tupu. Halafu unagongwa mara moja, unarudi kituoni na ndege ya mwanzo, nzito kama jiwe, dhidi ya maadui waliopangwa kwa ajili ya mtu mwenye vivuli vinne.

Watu huona huu ni ujinga wa muundo, na kwa gemu kadhaa ni kweli. Gradius III ya mashine, 1989, imevuka mpaka: zipo sehemu ambazo mtu aliyefia hapo ana nafasi finyu sana ya kujijenga upya. Lakini katika Gradius ya kwanza, kujijenga upya ndiyo gemu ya pili iliyofichwa ndani ya ya kwanza. Kanuni yake ni kasi kwanza. Kidonge cha kwanza, kasi. Cha pili, kasi tena kama eneo ni jembamba. Kosa la kawaida ni kung'ang'ania kufikia leza wakati bado unatambaa. Leza haikuepushi na risasi. Miguu ndiyo inakuepusha.

R-Type ya Irem, 1987, ni nyingine inayosifiwa kwa jambo ambalo si lake. Huitwa gemu ya wepesi wa mkono. Siyo. Ile duara ya chuma inayoitwa Force haiharibiki: inazuia risasi ndogo, inaumiza inachogusa, unaweza kuifunga puani au mkiani, au kuirusha ikapigane peke yake. Hatua nzima ya tatu ni meli-vita moja kubwa unayoizunguka ukiing'oa mizinga yake mmoja mmoja. Hapo swali si una haraka kiasi gani, ni Force umeifunga upande gani sekunde tatu kabla haijahitajika. Unapaswa kuwa umeirusha na kuipokea kwa mkia kabla ya kupita juu ya mzinga unaofyatua kutoka nyuma. Anayefanya hivyo anapita polepole kama mtu anayepanga kete, na anayetegemea macho yake anakufa palepale kila mara.

Nikiwa hapa niseme neno kuhusu Thunder Force III ya 1990 na IV ya 1992, zote za Technosoft kwenye mashine ya nyumbani ya Mega Drive. Zilitatua tatizo hili kwa njia ya kistaarabu na hazipewi heshima yake: ukifa unapoteza silaha uliyokuwa umeishika tu. Ukiona huna njia ya kutokea, badili haraka uishike silaha duni, ufe nayo hiyo. Uamuzi huo wa sehemu ya sekunde una thamani kubwa kuliko vidonge kumi.

Risasi nyingi si ugumu

Hapa ndipo maoni yangu yanapowaudhi watu wengi zaidi. Mvua ya risasi, ile staili ambayo Batsugun ya Toaplan ilifungua njia yake mwaka 1993 na kampuni ya Cave ikaikuza kwa DonPachi na DoDonPachi, ni rahisi kuingia kuliko gemu nyingi za risasi chache. Skrini imejaa, ndiyo. Lakini eneo lako la kugongwa ni pikseli chache katikati ya ndege. Mabawa ni pambo. Risasi zinakwenda taratibu. Na ukishikilia kitufe cha kufyatua, ndege inatoa leza na kupunguza kasi yake yenyewe, ili uweze kupenya kwa hatua ndogo ndogo.

Linganisha na Raiden II ya Seibu Kaihatsu, 1993. Risasi unaweza kuzihesabu kwa vidole, lakini zinakuja kwa kasi zikikulenga wewe, na ndege yako ni nzito. Kifaru kinachojitokeza ukingoni mwa skrini wakati uko upande wa pili kitakupiga kabla hujakiona. Ndiyo maana ninaiona Raiden II imedharauliwa: watu wanaitazama, wanaona skrini tupu, wanaiita ya kizamani. Anayeijua hasubiri vifaru. Anajua kila kimoja kinatokea wapi, na anakuwa juu yake kabla hakijafyatua, akisonga kushoto na kulia kama mtu anayefagia uwanja.

Ufundi mmoja unatumika kwenye zote mbili, na mtu asipoufahamu ataona kila gemu haina haki. Risasi inayokulenga huelekea pale ulipokuwa wakati ilipofyatuliwa. Basi anza karibu na kona ya chini kushoto. Gusa kulia kidogo, upana wa nusu ndege. Subiri mfululizo ufyatuliwe. Gusa tena. Risasi zote zinapita kando ya bega lako la kushoto zikiwa zimeshikamana kama kamba. Anayeanza hufanya kinyume: anakimbia skrini nzima, kwa hiyo risasi nazo zinatawanywa skrini nzima, na ukuta anaoulalamikia ameujenga mwenyewe. Tatizo linabaki ukikaribia ukingo wa kulia. Usisubiri uguse ukuta. Ukiwa bado na nafasi ya ndege mbili, ruka kwa haraka kuelekea juu na kulia. Bunduki zitafuata mruko huo, na kati ya kamba ya zamani na risasi mpya litafunguka pengo. Rudi kushoto kupitia pengo hilo, kisha anza kugusa upya.

Mfululizo wa Touhou, gemu za kompyuta, unaonewa kwa upande mwingine. Kwa sababu ni kazi ya mtu mmoja, ZUN, na wahusika wake wamekuwa maarufu kuliko gemu zenyewe, wachezaji wa mashine huzidharau. Lakini hakuna mahali bora pa kujifunzia. Kila shambulio kubwa la bosi lina jina lake na saa yake, ukibonyeza Shift ndege inapunguza mwendo, na Imperishable Night ya 2004 inakuruhusu kufanyia mazoezi shambulio moja moja ulilokwisha kukutana nalo. Ukigongwa, una fremu chache (picha moja moja za skrini) za kubonyeza bomu na kuokoa roho. Wengi wanakufa na mabomu matatu mfukoni. Weka kanuni: kwenye shambulio linalokuua kila mara, bomu linatoka mwanzoni, kabla ya hofu.

Kanuni iliyofichwa

Battle Garegga, 1996, iliyobuniwa na Shinobu Yagawa huko Raizing, ina kipimo cha ugumu kisichoonekana popote kwenye skrini. Kila risasi unayofyatua inakipandisha. Kila kifaa unachookota kinakipandisha. Muda unakipandisha. Kinachokishusha ni kifo chako tu, na kadiri akiba yako ya roho inavyokuwa ndogo, ndivyo kinavyoshuka zaidi. Mchezaji anayecheza "vizuri" kwa akili ya kawaida, anayefyatua bila kupumzika, anaokota kila kitu na hafi, anafika hatua za mwisho gemu ikiwa imechafuka kiasi cha kutopitika.

Njia yake ni hii. Unapata roho mpya kwa kila pointi 1,000,000. Kwa hiyo pointi ndizo roho, na roho ndizo dawa ya ugumu. Unaokota medali zinazodondoka: ya kwanza 100, zinapanda hatua kwa hatua hadi 10,000 kila moja, na ukiacha hata moja itoke nje ya skrini unaanza tena na 100. Unafyatua inapohitajika tu. Unapita kando ya vidonge usivyovihitaji. Na pale akiba inapokuwa karibu tupu na pointi milioni zinakaribia, unajigongesha kwa makusudi. Mtazamaji anaona mtu mzembe; ukweli ni kwamba anashusha presha ya birika.

Wazo ni la kipekee, ingawa lina mzizi: Zanac ya Compile, 1986, nayo ilibadilisha ukali wa maadui kulingana na unavyocheza, tena ikiwa gemu ya nyumbani ambayo wengi hawajawahi kuigusa. Zanac naiweka juu kabisa kati ya zilizodharauliwa. Kwa Garegga msimamo wangu ni mgumu zaidi. Gemu inayomficha mchezaji sheria yake kuu ina kasoro, hata sheria iwe ya busara namna gani. Watu wa kampuni ya M2 walipoiweka PlayStation 4 mwaka 2016 walionyesha kipimo hicho pembeni ya picha, na watu walioikimbia miaka mingi wakaanza kuielewa kwa siku chache. Anayetaka kuianza leo aanze na toleo hilo.

Space Invaders nayo, 1978, imegeuzwa kuwa picha ya fulana. Wachezaji wa sasa hawajui kwamba mashine ilikuwa inasogeza mvamizi mmoja tu kwa kila fremu, hivyo 55 wakiwepo mstari unatambaa, na akibaki mmoja anakimbia. Hawajui kuwa chombo kinachopita juu kinalipa kwa kuhesabu risasi zako: ukikipiga kwa risasi ya 23 unapata 300, kisha kwa kila ya 15 baada ya hapo. Ukihesabu risasi, ile gemu unayodhani umeimaliza kuielewa inaanza upya.

Upande wa Ulaya na Marekani ninasema kwa kifupi. Xenon 2 ya 1989 imebebwa na muziki na rangi zake. Maadui wananyonya risasi nyingi mno na upau wa uhai unakufundisha kugongwa badala ya kukwepa. Tyrian ya 1995 inatupwa kapu moja nayo, na si haki. Jenereta yake inagawa umeme kati ya bunduki na ngao, kwa hiyo bunduki kubwa kwenye jenereta dogo inakuacha bila ngao. Nunua jenereta kwanza. Tangu 2004 inagawiwa bure.

Labda hukuicheza gemu hiyo

Hukumu nyingi za "imepitwa na wakati" kwa kweli ni hukumu juu ya toleo bovu. Picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, hivyo fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Televisheni na emuleta, yaani programu inayoiga mashine za zamani, vikikuongezea fremu tano za kuchelewa, ni milisekunde 83. Risasi inayosafiri pikseli nne kwa fremu itakuwa imesogea pikseli 20 kabla ndege haijaitikia mkono wako, ilhali eneo lako la kugongwa ni pikseli chache tu. Hakuna kipaji kinachofidia hapo.

Pia upo upungufu wa mwendo: mashine za zamani zililemewa na risasi nyingi na picha ikapungua kasi, na waundaji walipanga mashambulio wakijua hivyo. Toleo lisiloiga kupungua huko linakupa shambulio ambalo halikukusudiwa kupitwa kwa kasi hiyo. Na gemu za wima, zilizoundwa kwa skrini iliyosimama, kwenye skrini pana hutumia kama asilimia 42 tu ya upana wake. Kama kioo chako kinazunguka, kizungushe, na ubadilishe mwelekeo wa picha kwenye mipangilio.

Kupima ucheleweshaji wa gemu yenyewe kwenye RetroArch, programu ya kuendeshea emuleta, ni kazi ya dakika moja. Simamisha gemu kwa kitufe cha P kwenye kibodi ndege ikiwa imetulia. Shikilia kulia kwenye pedi usiachie, kisha bonyeza K kusogeza fremu moja moja, ukihesabu. Ndege ikisogea kwenye fremu ya tatu, fremu mbili ni za kupotea bure. Washa Run-Ahead, mpangilio unaoondoa fremu hizo za kuchelewa, na uweke 2. Usiweke 3 kwa tamaa. Ukizidisha, ndege itaruka hatua ya kwanza ya mwendo wake na risasi zitaonekana kudunda kutoka nafasi moja hadi nyingine. Televisheni nayo iweke kwenye hali ya gemu, kwa kuwa Run-Ahead haigusi ucheleweshaji wa kioo. Ukimaliza, irudie ile gemu uliyoikatia tamaa, sarafu moja, bila kugusa kitufe cha kuendelea.